Mstari wa Jivu

Kila asubuhi, kabla hata ya kubandika chai, Bochaberi alitoka jikoni na kopo la jivu akauchora upya mstari wake. Alianzia kwenye kona ya stoo ya omena, akazunguka hadi kwenye mpera, akamalizia kwenye ukuta wa choo. Mvua ikiufuta, au kuku wakiuparua, aliurudia bila kunung'unika. Ndani ya mstari huo alikaa Kamanda. Nje yake waliishi binadamu.

Kamanda alikuwa mbwa, ingawa Edith, jirani mwenye saluni upande wa pili wa ua, hakukubali kumwita hivyo. "Mama Lizi, hiyo si mbwa," alimwambia Bochaberi siku zote. "Hiyo ni ndama yenye meno."

Ratemo, mume wa Bochaberi, ndiye aliyemleta kutoka Mbita, kwenye ufuko wa ziwa, akiwa bado wa kubebwa kwenye katoni. Wiki moja kabla ya hapo wezi walikuwa wametoboa ukuta wa stoo yao pale Migori usiku wakabeba omena zote, wale dagaa wa ziwani waliokuwa biashara yao, na Ratemo alikuwa hapati usingizi. Mlinzi mmoja wa ufukweni alimwambia iko jamii ya mbwa ambayo mwizi akiiona hubadilisha kazi. Akampa mbwa na masharti yake: asizoeshwe watu, ashinde amefungwa, alishwe na mkono mmoja tu, na chakula chake kitiwe pilipili ili damu imchemke. Ratemo aliyashika masharti hayo kama alivyozishika Amri Kumi, na hizo alizishika kwelikweli, maana alikuwa Msabato wa kuzaliwa na shemasi wa kanisa lake.

Mwizi hakurudi, hilo lisemwe. Lakini na wengine pia hawakurudi. Muuza maziwa aliacha chupa langoni akakimbia. Wanawake wa kanisa waliokuwa wakipita kumjulia hali Bochaberi sasa walimjulia kwa simu. Paka wa Edith alivuka ua mara moja tu tangu Kamanda akomae, na hiyo ikawa mara yake ya mwisho. Ratemo alimlipa Edith fidia ya paka, akacheka, akasema hiyo ndiyo kazi ya mbwa mkali, kwani walitaka acheze naye?

Bochaberi hakucheka. Yeye alikuwa na Lizi.

Lizi alikuwa na miaka minne, mtoto wao wa pekee, waliyempata baada ya miaka sita ya kungoja na kusemwa na mashemeji. Alikuwa mtoto wa kusalimia kila kitu. Alisalimia kuku, alisalimia magunia, alisalimia mwezi. Asubuhi moja Bochaberi alimkuta amechuchumaa mbele ya yule mbwa, amemnyooshea kipande cha mandazi, anamwambia, "Shika, Kamanda, sema asante." Mnyororo ulikuwa umenyooka kabisa. Kati ya vidole vya mtoto na pua ya mbwa hapakuwa na nafasi ya kupitisha ngumi. Bochaberi alimnyakua mtoto kwa gauni, mandazi yakaanguka, na Kamanda akayameza bila kusema asante.

Siku hiyo alimwambia mumewe amwondoe mbwa.

"Mbwa anajua watoto wa kwao," Ratemo akajibu. "Mbwa si mjinga."

"Anakujua wewe, Baba Lizi. Wewe ndio unamlisha. Mtoto kwake ni kitu kidogo tu inatembea, kama ile paka."

"Basi mfundishe mtoto asimkaribie. Ama unataka wezi warudi?"

Hapo ndipo ulipozaliwa mstari wa jivu. Bochaberi alimwambia Ratemo amvute mbwa hadi mnyororo ukomee, akatia alama pale pua ilipofika, akaongeza hatua mbili za mtu mzima, kisha akachora. Ratemo alisimama akimtazama huku akitabasamu kama anayemtazama mtoto akicheza kibe. Bochaberi hakumjali. Alimwita Lizi, akamfundisha kama wanavyofundishwa aya ya kukariri kwenye shule ya Sabato.

"Jivu ni nini?"

"Ni ukuta."

"Ukivuka?"

"Kamanda ananiuma."

"Na usipovuka?"

"Kamanda hawezi."

Kila asubuhi waliirudia. Na Lizi alishika. Mtoto yule alikuwa na utiifu wa kutisha. Mpira wake ukibingirika kuvuka mstari, alibaki amesimama, vidole vya miguu vikiwa karibu kabisa na jivu, akiita watu wazima mpaka mmoja aje. Alimfundisha hata mwanasesere wake wa vitambaa. Wageni walimsifu, na Bochaberi aliposikia sifa hizo alipata raha, lakini raha yenyewe haikufika tumboni.

Kwa sababu mstari ni wa macho, na macho hayawezi kukesha uani siku nzima, Bochaberi alijifunza kuishi kwa masikio. Mnyororo ulimwambia kila kitu. Ukilia chapchap, Kamanda anajikuna. Ukikwaruza polepole, anahama kivuli. Ukipiga kelele moja kali halafu ukanyamaza, amemrukia mtu na mnyororo umemrudisha. Hiyo ya tatu ilimfanya aangushe chochote alichoshika. Alikwisha vunja vikombe vitatu na sufuria ya uji ilikwisha mmwagikia mguuni. Edith alimwambia atapata ugonjwa wa moyo kwa kumsikiliza mbwa kuliko mume. Walicheka wote wawili.

Basi ikafika Ijumaa moja ya mwezi wa nane. Kwa Wasabato, Ijumaa ni siku ya maandalizi. Jua likizama, Sabato imeingia, na kazi yote inalala mpaka jua la kesho lizame tena. Kwa hiyo tangu alfajiri Bochaberi alikuwa mbio: kupika chakula cha siku mbili, kufua, kupiga pasi, kuosha nyumba. Kesho yake wangekuja wageni wa heshima, Mzee Maranga, mzee wa kanisa, na mkewe, kula chakula cha mchana. Alizoa jivu lote la jikoni akalitupa shimoni nyuma ya nyumba, akapangusa mafiga, kama alivyofanya kila Ijumaa.

Saa kumi na moja na nusu pikapu ya Ratemo ikaingia kutoka Mbita. Wapakuzi wawili walipoanza kushusha magunia, Kamanda aliruka. Mnyororo ulipiga ile kelele moja kali, na safari hii, badala ya kunyamaza, ukakatika. Wapakuzi walijikuta juu ya pikapu bila kujua walivyopanda. Ratemo alimwahi mbwa kwa ukosi, akamkemea, akamburuta hadi kwenye nguzo. Alipotazama mnyororo akakuta pete tatu zimelika zimekuwa nyembamba kama uzi.

"Kimbia dukani ununue mwingine," Bochaberi akamwambia.

Ratemo alitazama jua, ambalo lilikuwa limekaa juu ya mabati ya jirani. Alikuwa hajaoga, hajang'arisha viatu, na magunia yalikuwa bado nusu. "Nikienda mjini, jua litazama nikiwa kwa kaunta ya hardware. Shemasi ananunua mnyororo Sabato imeingia? Jumapili asubuhi nitaleta mpya."

Alichukua kamba ya nailoni iliyokuwa ikifungia magunia, akaikunja mara mbili, akamfunga mbwa kwenye nguzo ile ile. Akaivuta kwa mikono miwili kuijaribu. "Hii inavuta mashua," alisema, akaenda kuoga.

Kweli kamba ilikuwa imara. Haikukatika, wala haikulegea, mpaka leo haijakatika. Lakini dakika chache baadaye kuku mmoja wa Edith alipita kando ya mpera, na Kamanda akamfuata. Kuku aliponea chupuchupu. Kamba ilinyooka, na pua ya mbwa ikatua upande wa pili wa mstari, nje kabisa. Kamanda alipiga chafya, jivu likaruka.

Bochaberi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na beseni mkononi. Aliona. Hakuna namna ya kulisema jambo hili likapendeza, kwa hiyo liachwe lilivyo: aliona.

Akaenda hadi kwenye mlango wa bafu. "Baba Lizi, ile kamba ni ndefu."

"Nini?" Maji yalikuwa yakimwagika.

"Kamba. Ni ndefu kuliko mnyororo."

"Jua linazama, mama. Kusanya watu tufungue Sabato."

Angeweza kusema mara ya tatu. Angeweza kwenda shimoni, akachota jivu, akachora mstari mwingine. Lakini jivu lilikuwa limetupwa, na kuchora kulitaka apime tena, amvute mbwa, achafuke miguu akiwa ameshaoga, na yote hayo ni kazi, na Lizi alikuwa ameshaanza sebuleni wimbo wa kufungulia Sabato. Akajiambia kesho jua likizama, kitu cha kwanza. Akajiambia mtoto atakuwa kanisani, kisha ndani na wageni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye ufa aliuona, akaupangia siku.

Usiku ule alilala vizuri, na jambo hilo lilimshangaza asubuhi.

Ibada ilikuwa nzuri. Lizi alisimama mbele akasema aya yake ya kukariri bila kukosea hata neno, na watu wakasema amina. Saa saba wakawa nyumbani. Mkewe Mzee Maranga alisifu matoke, akaongezewa. Mzee Maranga alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja tu, ya sala ndefu. Waumini walikuwa wakitaniana kwamba akiombea uji, unaliwa kesho. Baada ya kula aliinuka ashukuru, wote wakainamisha vichwa, naye akaanza na kuumbwa kwa ulimwengu.

Kwa miezi mingi Bochaberi hakuwa amesali akiwa amefumba macho yote mawili. Jicho moja lilikuwa la Mungu na jingine la mlango. Lakini mchana ule uani palikuwa kimya, kimya kitamu, hakuna cha kulia wala kukwaruza. Mabega yalimshuka. Akafumba jicho la pili. Mzee Maranga alikuwa amewafikia wana wa Israeli jangwani, na Bochaberi akawaza, kumbe nyumba hii inaweza kuwa na amani hivi.

Ndipo akakumbuka kwamba kamba hailii.

Alifumbua macho. Kiti cha Lizi kilikuwa kitupu, na mwanasesere hakuwepo. Alikuwa amekwisha simama, amekwisha mpiga mke wa mzee kikumbo, aliposikia yowe la mtoto wake. Lilikuwa fupi, lilikatwa katikati.

Edith ndiye aliyefika kwanza. Jumamosi kwake ilikuwa siku ya kazi, alikuwa akimwosha mteja nywele, na alipochungulia juu ya ua alipita pale pale katikati ya michongoma akiwa na beseni la maji ya sabuni mikononi. Alimmwagia Kamanda usoni, machoni na puani, kisha akampiga na beseni lenyewe mpaka likapasuka. Mbwa aliachia, akapiga chafya akiwa kipofu wa povu. Edith alimvuta Lizi kwa mguu.

"Uwi! Nyasaye wangu! Mama Lizi, leta maji! Leta sabuni!"

Shavu la kushoto lilikuwa limechanika hadi karibu na sikio, na bega lilikuwa na matundu. Edith aliosha na kuosha chini ya mfereji, huku akimlilia Mungu kwa Kijaluo. Bochaberi alimshika mtoto, akarudia jina lake, na sauti iliyomtoka hakuijua kuwa yake. Mtoto hakulia tena. Alimtazama mama yake tu, macho makavu, kama anayesubiri kuulizwa swali.

Ratemo alipita mbio akielekea stoo, akatoka na panga.

Ni Mzee Maranga aliyemshika mkono. "Kwanza hospitali, shemasi. Mbwa haendi popote."

Hospitalini walimchoma Lizi sindano za kichaa cha mbwa, nyingine kuzunguka kidonda chenyewe, wakamwandikia tarehe za kurudi. Bochaberi alimshika kichwa akawa anauma meno kila sindano ilipoingia. Kisha daktari akauliza, "Mbwa amechanjwa?"

Ratemo alitazama viatu vyake vilivyong'ara. "Hapana."

"Yuko hai?"

"Kwa sasa."

"Msimuue. Mfungieni mahali, mmpe chakula, mmwangalie siku kumi. Akibaki mzima, tutajua hakuwa na kichaa siku alipouma. Akibadilika, mnaniambia saa hiyo hiyo."

Kwenye korido Ratemo alianza kujieleza, ingawa hakuna aliyemwuliza. Angenunua mnyororo, alisema, lakini Sabato ilikuwa inaingia. Mzee Maranga alimsikiliza hadi mwisho. "Ng'ombe wako akitumbukia kisimani siku ya Sabato, Bwana alisema nini?"

"Unamtoa."

"Unamtoa siku hiyo hiyo," mzee akasema. "Na huyu hakuwa ng'ombe." Akavaa kofia yake akaondoka, na hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake fupi kuliko zote.

Siku kumi zile Bochaberi asingemtakia adui. Kamanda alifungiwa ndani ya stoo, magunia yakiwa yamehamishwa, na chakula alipewa kupitia tundu lile lile walilotoboa wezi, ambalo Ratemo alikuwa ameliziba kwa kipande cha bati. Aliyempa chakula ni Bochaberi. Hakumruhusu mtu mwingine, na Lizi alipokuwa bado amelazwa alitoka hospitalini mbio ili aje kumlisha. Kila asubuhi na jioni alisukuma sufuria kwa mti mrefu, akachutama, akachungulia gizani. Je, anakunywa maji? Je, anadondosha mate? Mbona leo hakubweka? Alimchukia mnyama yule kwa moyo wake wote, na kila jioni alipiga magoti akamwombea uzima. Siku ya sita Kamanda hakula, na Bochaberi alikaa mbele ya tundu lile tangu mchana hadi giza, akimbembeleza kwa sauti ya chini, kula, baba, tafadhali kula, mpaka aliposikia ulimi ukigonga sufuria. Alilia hapo hapo chini kwenye vumbi.

Watu walikuja kumpa pole. Wote walisema ajali haina kinga. Aliitikia na kuwakaribisha chai. Lakini neno lile lilimchoma zaidi kuliko kama wangemtukana, kwa sababu ajali hii ilikuwa na kinga. Ilikuwa kopo moja la jivu.

Na Lizi hakusema. Walimrudisha nyumbani siku ya tano, shavu limeshonwa. Alikula, alilala, alikubali na kukataa kwa kichwa, lakini mdomo wake haukutoa neno. Hakusalimia kuku. Hakusalimia mtu.

Siku ya kumi simu ya Ratemo ililia. Alikuwa mtu wa Remba, kisiwa cha wavuvi, aliyesikia kuna mbwa mkali anaondolewa, akamtaka kulinda omena zake. Ratemo alifunika simu kwa kiganja. "Anasema atakuja kumchukua leo."

"Remba?" Bochaberi akauliza. "Kule nyumba zimebebana? Muulize kama ana watoto."

Ratemo hakuuliza. Alisema kwenye simu, "Samahani, ndugu. Hakuna mbwa hapa."

Jioni, Osoro, daktari wa mifugo, alikuja na mti wenye kitanzi na sindano yake. Alimtazama Kamanda kwa muda mrefu, akasema ni mzima kabisa, mbwa mwenye afya kuliko wengi, na kwamba hakuomba kulishwa pilipili. Akamdunga, mbwa akafa kimya, na Ratemo akamsaidia kumbeba ndani ya gunia hadi kwenye gari lake, uso ukiwa umelowa.

Bochaberi akachukua ufagio akaanza kuufagia mstari, ambao hakuwa ameugusa tangu Ijumaa ile. Alianzia kwenye kona ya stoo. Alipoinua macho, Lizi alikuwa ametoka nje na mwanasesere wake, amesimama mahali pake pa siku zote, kando ya mpera, vidole vya miguu vikiwa karibu na jivu lakini havijaligusa.

"Mama," Lizi akasema.

Ufagio ulimwanguka Bochaberi.

"Mama, mimi sikuvuka." Midomo ilikuwa bado mizito kwa sababu ya nyuzi. "Nilikaa hapa. Sikuvuka jivu. Hata Mtoto hakuvuka." Akamnyanyua mwanasesere awe shahidi.

Siku kumi alikuwa akingoja kuulizwa hilo. Siku kumi alidhani wanamnunia kwa kuvunja amri.

Neno lilimjia Bochaberi mdomoni, lile lile la watu wote, ajali haina kinga. Akalimeza. Alipiga magoti mbele ya mtoto, upande wa ndani wa mstari, mahali alipokuwa akikaa mbwa.

"Najua, mama. Hukuvuka. Wewe hukukosa kitu. Mimi niliona kamba ni ndefu, nikanyamaza."

Lizi alilifikiria jambo hilo. "Kwa nini?"

Ratemo alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo na alikuwa amesikia kila neno. Alikuja akaokota ufagio, akafagia kutoka pale mkewe alipoachia, akapita kwenye mpera, akaenda hadi kwenye ukuta wa choo, mpaka ua wote ukawa udongo mtupu.

"Njoo, Lizi," akasema. "Hakuna kitu tena. Unaweza kupita."

Lizi alitazama chini pale ulipokuwa mstari. Hakusogea, mpaka walipombeba.